Jiko la Eero Salmela

Kwenye benchi walikuwapo Toivo Hakkarainen, aliyeitwa Fundi kwa kuwa alichomelea vyuma mgodini miaka thelathini na mmoja. Armand Quesnel, aliyeitwa Wakili ingawa alikuwa dereva wa lori la mawe. Na Ostap Hrynchuk, aliyeitwa Padri kwa sababu hakukosa msiba hata mmoja mjini Sudbury. Eero Salmela alikuwa bado hajafika. Jumamosi alasiri huwa kwenye sauna yake, kibanda cha kuogea mvuke chenye jiko la kuni, nyuma ya uzio ulioegemewa na benchi lao, na saa kumi hutoka mwekundu kama kamba wa kuchemshwa, akaja kudai kahawa. Saa kumi ilikuwa imepita.

Nyuma ya uzio kitu kililia: ting. Kikanyamaza. Kikalia tena.

— Jiko hilo linaongea, alisema Padri.

— Linapoa tu, alijibu Fundi. Chuma kikipoa husinyaa.

— Mbona zamani halikulia?

— Zamani halikuwa na kiraka. Ubavu ulipasuka, jana nikauziba kwa nikeli.

— Basi umeozesha maadui, alisema Wakili. Chuma cha kusubu kama cha jiko hilo, cha kumiminwa kwenye kalibu, hakijui kupinda. Ukikibana kinakatika bila kuaga. Nikeli inavutika, inavumilia. Unazisikia hizo? Kelele za ndoa.

— Ndoa wapi, bwana. Wachimbaji wa kale wa Kijerumani waliiita nikeli kwa jina la pepo wa mgodini. Fundi kamfungia pepo jikoni kwa mzee wa watu.

— Padri, umeanza.

— Sikilizeni basi. Anagonga, anangoja, anagonga. Huyo anataka kufunguliwa.

Wakili alicheka. Fundi hakucheka. Chuma cha kusubu kikishachomelewa hufukiwa kwenye majivu, kipoe polepole hadi kesho yake. Kikipozwa haraka, ukingo wa kiraka huwa rahisi kupasuka kama kioo. Na ufa wa jiko hupitisha hewa ya sumu isiyo na harufu.

— Uliliacha kwenye majivu muda gani? aliuliza Wakili.

— Wa kutosha.

— Wa kutosha ndiyo saa ngapi, mzee?

Lilikaa humo saa mbili tu. Eero alimsimamia kichwani akisema kesho ni Jumamosi, na yeye hajakosa sauna ya Jumamosi tangu utoto. Fundi alikiinua kikombe chake, kumbe kilikuwa kitupu.

Lempi, mke wa Eero, alipinda kona na taulo kavu begani.

— Shemeji zangu, kuna aliyemwona Eero akitoka?

Wakili alimtazama Padri. Padri aliutazama uzio. Ting.

Fundi ndiye aliyetangulia kuinuka, akalisukuma lango na kuingia saunani. Ufa ulikuwa pembeni mwa kiraka, mwembamba kama unywele.

Eero Salmela alifariki Jumamosi hiyo, tarehe 2 Oktoba 1976. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili.