Mzee Feliksi Inayat Masih: Kutoka Reli ya Ajmer hadi Stesheni ya Kigoma

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Mwandiga kumsindikiza baba yetu, haya ndiyo maisha yake kwa ufupi.

Marehemu Mzee Feliksi alizaliwa tarehe 14 Machi 1931 katika mji wa Ajmer, India, enzi za Mwingereza. Ajmer ulikuwa mji wa reli: treni za Delhi na za Ahmedabad zilipita pale, na baba yake alikuwa fundi katika karakana ya injini za mvuke. Mwaka 1939 fundi huyo alipata kazi Kigoma, kwenye reli yenye upana uleule wa mita moja aliouzoea. Alikuja na Feliksi, mwenye umri wa miaka minane. Mama yake Feliksi, aliyekuwa mgonjwa, aliambiwa atafuata kwa meli nyingine. Vita vikaanza, safari zikakatizwa, na mwaka 1943 mama akafariki hukohuko. Hawakuonana tena.

Marehemu alisoma hapa Kigoma, akamalizia Tabora mwaka 1949. Mwaka uliofuata aliajiriwa karani wa tiketi katika stesheni ya Kigoma, na mwaka 1968 akawa stesheni masta.

Mwaka 1958 alifunga ndoa na mama yetu, Eufrasia, mzaliwa wa hapa Mwandiga. Siku ya posa, Babu alimuuliza kwao ni mbali kiasi gani. Akamtajia stesheni zote, tangu Ajmer hadi Bombay, kisha Dar es Salaam kuja Kigoma. Alipofika Itigi, Babu alikuwa amesinzia. Alipozinduka alisema, "Huyu anaijua njia ya kwao. Binti yangu hatapotea."

Juni 1973, treni iliyojaa wakimbizi wa Burundi ilikuwa tayari kuondoka kwenda Tabora. Mama mmoja, Anésie, akalia kwamba bintiye Gloriose, wa miaka minne, amebaki Bangwe waliposhukia mtumbwini. Ofisa msimamizi akaamuru, "Treni iondoke. Mtoto atafuata."

Mzee Feliksi alikunja bendera ya kijani ya kuruhusu treni, akaibana kwapani. "Mama yangu naye aliambiwa atafuata," alisema.

Treni ilisubiri saa moja na dakika kumi, hadi Gloriose alipoletwa kwa baiskeli na kupakatwa na mama yake. Kwa hilo marehemu alivuliwa cheo, akabaki karani hadi alipostaafu mwaka 1986. Hatukumsikia akilalamika.

Februari mwaka huu, 1997, alipatwa na kiharusi. Kauli iliporudi, Kiswahili na Kiha vilikuwa vimemtoka. Alibakiwa na lugha ya utotoni, ambayo hakuna nyumbani aliyeielewa. Mama alikaa naye kila siku, akimwitikia kwa Kiha, "Ego, ego," yaani ndiyo, ndiyo. Binti yake Scola alimuuliza, "Mama, kwani unamwelewa?"

"Simwelewi," alijibu. "Lakini mtu akiita, huitikiwa."

Alifariki tarehe 3 Aprili, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mama.

Ameacha mjane, watoto wanne, Pastory, Scola, Dismasi na Agnesi, wajukuu kumi na mmoja na kitukuu mmoja.

Nenda salama, Baba. Mungu akupokee, akupumzishe kwa amani.