Ubao wa Shangazi Umenyamaza

Benchi la nje ya kinyozi lina miguu mitatu na tofali. Upande wa tofali ndio unaoyumba, na wenyeji humwachia yule mwenye shida nzito siku hiyo. Leo amekaa Fundi, kompyuta mapajani, macho mekundu kama aliyeoga kwa sabuni kali. Anatengeneza kompyuta za mtaa mzima, lakini hii ya shangazi yake imemtoa jasho wiki nzima. Shangazi haoni tangu utotoni. Kazi yake ni kusahihisha vitabu kabla havijachapwa, na huvisoma kwa vidole, kwenye ubao wa nukta nundu uliochomekwa kwenye kompyuta: maandishi yanapita, vinukta vinainuka, vidole vinasoma. Sasa wachapishaji wameleta programu mpya isiyowaka kwenye mfumo wa zamani. Fundi akaweka mfumo mpya, na ubao ukanyamaza. Usipofufuka kufikia Ijumaa, kazi anapewa mwingine.

— Bado tu? aliuliza Wembe, kinyozi mwenyewe, akimimina kahawa.

— Bado. Draiva imegoma.

— Si umfukuze utafute dereva mwingine? Madereva wamejaa tele, wanalala tu stendi.

— Siyo dereva wa gari, bwana wee! Ni maandishi yanayoifundisha kompyuta kuongea na ubao. Kiini cha mfumo kikibadilika, lazima uyajenge upya. Ndiyo kukompaili huko. Mimi nikikompaili, inanitemea erori, yaani kosa.

Bwana Mawimbi, fundi redio mstaafu ambaye hajawahi kukiri kwamba kuna kifaa asichokijua, alikohoa kwanza.

— Hiyo erori inasemaje?

— Inatafuta kitu kilichokuwapo kwenye kiini cha zamani. Kwenye kipya wamekitoa.

— Wamekitoa akina nani? Si ulimwambia shangazi yako hapahapa kwamba mfumo huu ni wa bure, mali ya wote?

Fundi akanywa kahawa. Alikuwa amesema hivyo, tena kwa madaha, na shangazi alimwamini kwa sababu ni yeye.

— Mimi naona ni baridi, alisema Wembe. Mashine yangu ya kunyolea ikilala sana inakakamaa. Uanike ubao juani.

— Baridi gani! Mawimbi akaruka. Ni mawimbi. Kiini kipya kinasikiliza antena ya jirani, ubao unaita hauitikiwi.

— Au ubao umezoea vidole vya shangazi. Umemkataa Fundi. Mimi nina wateja hawataki kuguswa na mtu mwingine.

— Sikiliza, Wembe, nikwambie kitu kizito. Huko juu kuna satelaiti. Inazunguka ikitafuta kila ubao wa zamani, ikiuona tu, inauzima, ili watu wanunue mpya.

— Mpya hautengenezwi tena, Fundi alisema. Kiwanda kilifungwa.

— Umeona sasa? Satelaiti imezima mpaka kiwanda!

— Basi ufunikwe na sufuria, Wembe alisema, na hakuna aliyecheka, maana alikuwa amemaanisha.

Fundi aligonga kitufe tena. Mistari ikashuka mbio kwenye kioo, moyo wake nao ukaenda mbio, kisha ikaja ile erori nyekundu. Ileile. Alitamani kulia, mtu mzima mwenye ndevu.

— Huyo aliyeiandika hiyo draiva amekufa? Mawimbi aliuliza, sasa kwa upole.

— Alikuwa mtu mmoja tu, kwa kujitolea. Aliacha ujumbe kwenye ukurasa wake wa mtandaoni. Anasema: "Nimechoka. Naacha kuitunza. Sijui kama bado kuna mtu anayeutumia ubao huu. Anayetaka aichukue."

— Ameichukua nani?

— Hakuna.

Hapo ndipo waliposikia fimbo ikigonga ukingo wa mtaro. Shangazi alikuwa amesimama nyuma yao, na hawakujua amesimama muda gani.

— Shikamoo, shangazi, alisema Fundi, akinyanyuka hadi benchi likayumba.

— Marahaba, mwanangu. Kaa. Rudia hayo maneno ya huyo bwana.

Fundi akayarudia, polepole. Alikuwa ameyasoma wiki nzima, na kila mara alimtukana aliyeyaandika kimoyomoyo kwa uvivu. Shangazi alisikiliza huku vidole vyake vikipapasa mpini wa fimbo, kushoto kwenda kulia, kama vinavyofanya kwenye ubao.

— Anasema hajui kama kuna mtu.

— Ndiyo, shangazi.

— Na kuna aliyemwambia kwamba mimi nipo?

Mawimbi akamtazama Fundi. Shangazi aliinamisha kichwa upande wa benchi, na Fundi akaufungua tena ukurasa wa yule bwana.