Nyumba Isiyo na Bima Haiachwi

CARMELINA: Haloo? Nani huyo saa ya kahawa?

YADIRA: Mimi, Mama. Yadira. Nibariki.

CARMELINA: Mungu akubariki, mwanangu. Ngoja niweke chini kitambaa, nilikuwa nachuja— Huko Orlando hamjambo?

YADIRA: Hatujambo. Mama, redio zinasema kimbunga kitaingia huko kwenu Utuado usiku huu. Mbona bado uko nyumbani?

CARMELINA: Sasa niwe wapi? Ndoo zote nimezijaza maji, hata beseni ulilokuwa ukiogea utotoni. Nyama yote ya kwenye friza iko jikoni inaiva, kabla umeme haujakatika.

YADIRA: Nimemtuma binamu Efraín aje na gari. Akupeleke mjini kwa mama mdogo Awilda, nyumba yake ni ya zege—

CARMELINA: Awilda anakoroma.

YADIRA: Mama.

CARMELINA: Kama jenereta. Mumewe hakufa, alikimbia kelele.

YADIRA: (hacheki) Daraja litafungwa jioni. Funga mlango uondoke. Paa likienda na upepo, si tuna bima?

(Mkwaruzo kwenye simu.)

YADIRA: Mama? Unanipata?

CARMELINA: Mtandao huu nao…

YADIRA: Bima, Mama. Ile ninayokutumia hela kila mwezi.

CARMELINA: Kimbunga kilichopita unakikumbuka? Bati la jikoni liling'oka. Jumapili yake fundi Wilfredo na majirani wakapanda, wakalirudisha, nikawapikia wali na maharage. Mtu wa bima akaja miezi imeshapita, viatu vinang'aa. Akatazama juu, akasema haoni palipoharibika.

YADIRA: Tulitakiwa tusiguse kitu mpaka aje apige picha—

CARMELINA: Nilale mvuani namsubiri yeye? Baba yako kawalipa mpaka anaingia kaburini. Tumewahitaji siku moja tu, siku moja—

YADIRA: Kwa hiyo umeacha kulipa.

(Mwiko unakoroga sufuria.)

YADIRA: Tangu lini?

CARMELINA: Hela nilimpa Wilfredo. Kafunga mabati yote kwa mikanda ya chuma. Kazi safi, ungeiona. Chuma nakigusa kwa mkono wangu. Bima nitaigusa wapi?

YADIRA: Sawa. Basi kama paa ni imara hivyo, liache, uende na Efraín.

CARMELINA: Siwezi.

YADIRA: Kwa nini usi—

CARMELINA: Maji yakipenya chini ya mlango, nani atayakausha? Dirisha likisukumwa, nani ataliegemezea kabati? Nyumba isiyo na bima haiachwi peke yake, Yadira. Kitanda alichofia baba yako kimo humu.

(Honi, kwa mbali. Tena.)

YADIRA: Huyo Efraín. Mfungulie.

CARMELINA: Atachoka.

YADIRA: Mama, nakuomba.

CARMELINA: Usinililie kwenye simu. Umekasirika kwa sababu ya hela zako, nitakurud—

YADIRA: Hela gani? Unadhani nilikuwa nalipia mabati?

CARMELINA: Sasa ulikuwa unalipia nini? Kila ukipiga ni bima, Mama, bima, utadhani umeajiriwa nao.

(Mkwaruzo. Honi.)

YADIRA: Nilituma ili siku kama ya leo ufunge mlango, uondoke, usigeuke nyuma. Basi. Nyumba iende na kitanda na kila kitu. Mimi nakutaka wewe.

(Kiti kinavutwa sakafuni.)

CARMELINA: Mbona hukusema hivyo tangu mwanzo?

YADIRA: Niliona haya.

CARMELINA: (mbali na simu) Efraín! Acha hiyo honi, njoo unibebee sufuria ya nyama. Ishike kwa kitambaa, ni ya moto. (Anarudi.) Yadira? Unakatika, mwanangu. Navaa viatu. Mungu akubar—