Waya Niliokata Ili Amplifaya Inyamaze

Asante mwenyekiti. Ndugu zangu mafundi, mtanivumilia, Kiswahili changu ni cha kambini. Nililelewa kambi ya jeshi ya Makindye, baba alikuwa mwanajeshi kutoka kaskazini. Mwenyekiti ameniomba niwaeleze yaliyonipata kwa sababu wengi wenu mnaunda mitambo ya muziki kwa mikono yenu. Majina ya watu sitayataja.

Mimi nilikuwa sijanunua spika maishani. Nilianza na redio mbovu za majirani, nikajifunza kutoa transfoma huku na kuitia kule, nikachonga maboksi ya spika kwa mbao. Mtu akija na amplifaya ya dukani nilimcheka, nikimwambia kanunua kasha na rangi. Na nawaambia kweli, vyangu vilikuwa na sauti nzuri. Kanisa letu likanipa kazi ya kuunda mitambo yote. Siku ya kwanza kwaya ilipoimba, watu waligeuka kutafuta sauti inatoka wapi. Nilitokwa na machozi, sikumwambia mtu.

Shida ilikuwa mvumo. Watu wakinyamaza, spika zilivuma kama mzinga wa nyuki. Nilihangaika wiki nzima, hadi nikagundua kwamba nikikata waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme uliopotea njia, mvumo unakwisha. Nikaukata. Mke wangu aliuliza kama si hatari. Nikamjibu kwamba yeye ni mshonaji, na mimi sijawahi kumfundisha kushona. Mnacheka, lakini ndivyo nilivyomjibu.

Ikapita miezi. Jumapili moja mvua ilinyesha, sakafu ikalowa kwa nyayo za watu. Kiongozi wa kwaya, mama mmoja mjane wa polisi, alivua viatu kama kawaida yake, akashika kipaza sauti. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonichelewesha. Nilidhani wimbo umemzidi. Kumbe umeme umemshika, mkono umekaza, hauwezi kuachia, na macho yake yananitazama mimi. Nikachomoa plagi. Akaanguka.

Alikimbizwa hospitali ya Mulago. Alipona, Mungu asifiwe, lakini kiganja kiliungua, na vidole viwili havikunjiki mpaka leo.

Kanisa likanunua mitambo ya dukani. Hakuna aliyenifukuza, nilijifukuza mwenyewe. Niliirudisha mitambo yangu nyumbani, nikaifungia kwenye chumba changu cha kazi, nikaanza kuuza mkaa. Mtu akileta redio, nilisema sijui kutengeneza. Waragi, ile pombe kali, nikaizoea. Zaidi ya mwaka sikukanyaga kanisani, na nikimwona yule mama barabarani nilipita njia nyingine.

Basi siku moja akaja mwenyewe nyumbani, na kaka yake, fundi umeme mstaafu anayekaa Lubaga. Mke wangu akawapa chai. Mimi nilipiga magoti. Mama akaniambia niinuke, nikafungue kile chumba.

Mzee alifungua ile amplifaya. Hakuchukua muda. Waya wa transfoma ulikuwa umechubuka, unagusa kasha la bati, na kutoka hapo umeme ukafuata waya hadi kwenye kipaza sauti. Ethi ingekuwepo, umeme ungeenda ardhini, fyuzi ikakatika, basi. Akaniuliza nani aliikagua kabla haijaenda kanisani. Nikasema ni mimi. Akauliza, na nani mwingine? Nikasema hakuna.

Ndipo yule mama akasema, "Mwanangu, sikukasirika kwa sababu uliunda. Vile vya dukani vimeshikwa na watu wengi kabla ya kutufikia. Chako ulikishika wewe peke yako."

Ndugu zangu, nililia mbele yao kama mtoto. Muda wote huo nilikuwa nikijiambia kosa langu ni kuunda badala ya kununua. Kumbe nilikuwa sijaliona kosa lenyewe.

Mzee alinifundisha kila Jumamosi, miezi mingi. Tulirudisha ethi, mvumo ukarudi, tukautafuta kwa subira. Tukakuta nimelaza nyaya za kipaza sauti kando ya transfoma. Tukazisogeza upana wa kiganja, spika zikatulia. Upana wa kiganja tu.

Leo naunda tena. Anayehitaji cha dukani namwambia anunue, na simcheki. Kanisa linatumia mitambo yake ile ile ya dukani, nami nakaa kwenye benchi kama wengine. Waragi niliiacha.

Namshukuru yule mama, aliyenifuata wakati mimi ndiye niliyepaswa kumfuata. Namshukuru mzee. Na mke wangu, ambaye alijua kuuliza kuliko nilivyojua kujibu.

Ninachowaomba ni hiki: unda au nunua, lakini kazi yako isimfikie mtu kabla fundi mwingine hajaifungua. Amplifaya yangu mpya nimekuja nayo, iko pale mlangoni, na bisibisi iko juu yake. Nitakaa pembeni. Naomba mmoja wenu aifungue.