Bi. Benter Apondi, Aliyetenganisha Watu Wakapendana

Tarehe 31 Desemba 1958, baada ya miaka kumi na saba ya utumishi, Bi. Benter Apondi atatoka kwa mara ya mwisho katika Chumba cha Usuluhishi wa Ndoa hapa Nyeri na kurudi kwao Seme, kando ya ziwa. Wenzake tumekubaliana kwamba wasifu wake niandike mimi, Njue, karani wake, kwa kuwa ndiye niliyekaa karibu zaidi na kelele.

Kwa wageni wetu wa leo, chumba hicho si korti. Ni chumba kidogo kando ya ofisi ya chifu wa lokesheni, chenye benchi mbili na dirisha lisilofungika. Mume na mke wanaotaka kuachana huja hapa kwanza pamoja na wazee wa pande zote mbili. Wakipatana, vyema. Wakiachana, waachane kama watu. Wakishindwa hata hilo, ndipo huenda kortini.

Bi. Benter alifika Nyeri akimfuata mumewe, Sajini Oloo wa polisi. Jina lake lilipopendekezwa, wazee wengine walinung'unika: Mjaluo, tena mwanamke, atajua nini kuhusu ndoa zetu? Mzee mmoja akawajibu kwamba hapo ndipo penye uzuri wenyewe, maana mama huyu hana shangazi upande wowote. Akaajiriwa. Haukupita muda akawa anasema Kikuyu, kwa lafudhi nzito ya ziwani, na watu waliokuwa wakitukanana walinyamaza ili wamsikie vizuri.

Utaratibu wake ulikuwa mmoja: kila mtu aeleze malalamiko ya mwenzake, si yake. Fundi mmoja wa viatu kutoka Karatina aliyaeleza ya mkewe kwa ufasaha hadi akapandwa na hasira, akasimama na kusema, "Mwanaume kama huyo, hata mimi ningemkimbia!" Mkewe alicheka mpaka wazee wakaomba mapumziko.

Tusidhani kwamba kazi yote ilikuwa kicheko. Alikuja mama mmoja wa Embu, mkono umevimba kwa kipigo. Huyo Bi. Benter hakumkalisha mbele ya mumewe hata kidogo. Katika Hali hii ya Hatari mtu havuki mto bila pasi ya kusafiria, basi alikwenda mwenyewe kwa Bwana D.O., ofisa wa serikali anayezitoa, akaketi kwenye ngazi za ofisi yake, na hakuondoka mpaka pasi ya kumrudisha yule mama kwa wazazi wake ilipoandikwa. Hakuamini kwamba kila ndoa ni ya kuokolewa.

Lakini shauri litakalokumbukwa katika kijiji cha Ruring'u ni la Kihara, fundi wa cherehani, na mkewe Watiri.

Hawa wawili walikuwa wameishi pamoja miaka mingi kwenye shamba lao. Kwa desturi, Kihara alikuwa na nyumba yake na Watiri na yake, na katikati shamba la migomba. Wakikosana, kila mmoja alikuwa na mlango wake wa kuubamiza. Mwaka 1955 ikaja amri ya watu wote kuhamia vijiji vilivyozungushiwa handaki, na kila familia ikapewa nyumba moja ya chumba kimoja. Kihara alikoroma. Moshi wa Watiri ulikaa kwenye nguo za wateja. Cherehani ililia tangu alfajiri. Mvua za masika zilipoanza, wakaja kwetu wakitaka talaka, na wasikawizwe.

Haikuwa jambo dogo. Wangeachana kortini, Watiri angerudishwa kwa baba yake Murang'a, asiwe na pasi ya kurudi, na binti zao wawili wangebaki kwa Kihara. Watiri alilijua hilo. Alikaa ameshika kitambaa cha kichwa cha bintiye mdogo, akikikunja na kukikunjua.

"Huko kwa shamba mlikuwa mnagombana hivi?" Bi. Benter akauliza.

"Tulikuwa tunagombana, Mama," Kihara akasema, "lakini kila mtu alikuwa na kwake."

"Hata chakula nilikuwa nampelekea," Watiri akadakia. "Nikikasirika namwekea kwa mlango, narudi kwangu. Sasa nitaweka wapi? Mlango ni huo mmoja!"

Bi. Benter akawatazama wazee, wazee wakamtazama yeye. Watu hawa hawakutaka talaka. Walitaka migomba yao.

Akaenda kwa Wamae, mkuu wa kijiji, aliyekitawala kijiji kwa filimbi. Wamae akamwambia amri ni amri: familia moja, nyumba moja.

"Na mume na mke wakitengana?"

"Hizo sasa ni familia mbili," Wamae akasema, akijivunia kuijua sheria.

Siku iliyofuata Kihara na Watiri wakatenganishwa mbele ya wazee, bila korti na bila kurudisha hata mbuzi mmoja wa mahari. Wasichana wakae na mama yao. Baba awalishe na awaone apendapo. Wanawake wa kijiji wakamjengea Watiri nyumba ng'ambo ya njia, mlango ukitazamana na wa Kihara.

Mwezi haukuisha. Asubuhi moja Wamae aliingia chumbani kwetu akihema, amemkokota Kihara kwa koti, Watiri akifuata nyuma na sufuria mkononi.

"Mama Benter! Huyu mtu nimemshika kwa nyumba ya mwanamke! Mchana!"

"Mwanamke gani?"

"Si huyu Watiri!"

"Na Watiri ni bibi ya nani?"

Wamae akalivuta koti tena. "Alikuwa bibi yake! Lakini wametengana, mimi mwenyewe nimeona. Sasa ati anamletea ndizi. Anabisha hodi! Miaka yote hii, lini huyu mtu alibisha hodi?"

"Hiyo ni kweli," Watiri akasema, akikificha kicheko nyuma ya sufuria. "Hajawahi."

Wamae akaapa kwamba wamemdanganya, na kwamba nyumba ile ataibomoa jioni hiyo hiyo. Kicheko kikakatika. Watiri akaishusha sufuria. Bi. Benter akasimama, naye si mwanamke mfupi.

"Bomoa," akasema. "Warudi chumba kimoja, na cherehani yao, na maneno yao. Jirani yao ni nani?"

Wamae akafikiri. Jirani yao alikuwa yeye. Akaliachia koti, akapuliza filimbi bila sababu yoyote, akaenda zake.

Siku chache baadaye akarudi peke yake, kofia mkononi, akaomba mlango ufungwe. Alitaka kujua kama watu wanaweza kutenganishwa hivyo bila kugombana kwanza, kwa sababu mkewe, Wamucii, ameanza kuuliza mbona yeye habishiwi hodi. Bi. Benter akamwambia aende nyumbani, asimame nje ya mlango wake mwenyewe, na ajaribu.

Kihara na Watiri wametengana hadi leo. Mwaka jana walipata mtoto wa kiume.

Mama Benter, wengi wamelala kwa amani katika miaka hii migumu kwa sababu ulikubali kuwasikiliza, na wengine wako hai kwa sababu ulikataa kuwarudisha kwa waliowapiga. Kwa niaba ya wazee na wafanyakazi wote, asante sana. Mwambie Sajini Oloo, ambaye tangu astaafu amekuwa akijipikia huko Seme, kwamba tunamrudishia mpishi, ila asimtarajie kunyamaza. Mungu akupe afya, mvua kwa wakati wake na majirani wanaopatana. Na wasipopatana, wakuache kwanza umalize kupalilia. Nenda salama, mama yetu.