Dada Yetu na Picha ya Stesheni Yenye Mvua

Ndugu wafiwa, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kusimama nasi, familia imenipa mimi, mdogo wake anayemfuata, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, na kabla sijaanza naomba mnivumilie hadi mwisho, kwa kuwa karatasi hii ina ukurasa mmoja ambao kwa kawaida haumo katika karatasi za namna hii, na umo kwa sababu yeye mwenyewe aliuagiza.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni alichofanyia kazi baba yetu, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano. Mama alikuwa akisimulia kwamba tangu utotoni hakupenda kitu kilichokaa upande, akiona pazia limepinda atalinyoosha, akiona mgeni amekosea kifungo cha shati atamwambia mbele za watu, na kwa tabia hiyo kuna viboko vilivyomkosa chupuchupu na vingine havikumkosa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964 na kumaliza mwaka 1970, akaingia sekondari ya wasichana mwaka 1971, ambako aliwahi kusimamishwa wiki nzima kwa kumwambia mwalimu wa jiografia kwamba ramani aliyoichora ubaoni ina mto unaopanda mlima, na mto ule kweli ulikuwa unapanda mlima. Tulilicheka jambo hilo miaka mingi nyumbani, naye alicheka pamoja nasi, lakini nadhani ndipo alipoanza kuamini kwamba jicho lake halikosei. Alimaliza sekondari mwaka 1974, na kuanzia Januari 1976 hadi Desemba 1978 alisomea ufundi wa meno ya bandia, darasa la wanafunzi kumi na sita, yeye akiwa mwanamke peke yake.

Tarehe 1 Februari 1979 aliajiriwa katika hospitali kuu ya mji, maabara ya meno, chumba cha chini kabisa chenye madirisha mawili yanayotazama magurudumu ya magari ya wagonjwa, na hapo alifanya kazi miaka thelathini na tatu, hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2012. Wagonjwa hawakumjua sura, kwa kuwa kazi yake ilipanda juu ndani ya kijisanduku chenye namba, ila wako watu wengi mjini humu, na huenda wengine wako hapa leo, wanaotafuna na kucheka kwa mikono yake.

Alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1981 na shemeji yetu mpima ardhi, ambaye alifika maabara baada ya kuvunja jino kwa kufungulia chupa ya soda, akaambiwa na dada kwamba mtu mzima mwenye akili hutumia kifungulio, akarudi wiki iliyofuata kulalamika kwamba jino jipya linambana, na wiki nyingine tena, mpaka dada akatambua kwamba jino halikuwa na tatizo lolote. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza wa kike ambaye ni mwalimu wa hesabu, wa pili wa kiume ambaye ni dereva wa malori ya masafa marefu, na kitindamimba wa kike, muuguzi. Shemeji alitutoka tarehe 20 Julai 2011.

Mwezi Juni 1991 kitindamimba alivunjika mguu akalazwa wiki sita, naye dada, ili kumliwaza, alichukua mabaki ya plasta ya kazini akamfinyangia mtaa mzima, maduka, nguzo za umeme na mbwa aliyelala mlangoni, vyote vikienea juu ya trei ya chai. Mtoto alipona, mama mtu hakupona tena, na vile alivyokuwa akitengeneza, ambavyo wenyewe wanaviita dayorama na sisi nyumbani tuliviita vijumba vya dada, vilijaa juu ya kabati, juu ya friji na hatimaye chini ya kitanda. Mwaka 1998 alijiunga na chama cha waundaji wa dayorama, kinachokutana ukumbi wa juu ya duka la vifaa vya shule, na mwaka 2003 alichaguliwa katibu.

Sasa ninafika kwenye ukurasa niliousema.

Kila mwezi wa Oktoba chama kilikuwa na mashindano, na kwa miaka mingi kazi zililetwa ukumbini zikapangwa mezani, lakini baada ya soko zima la mwanachama mmoja kumwagika ndani ya buti la gari, ilikubaliwa kuanzia mwaka 2013 kwamba washindani watume picha, na waamuzi waamue kwa picha. Picha zikaleta maneno, maana wapo waliojua kutumia kompyuta kuongeza moshi, mawingu na watu ambao hawakuwahi kutengenezwa na mkono wa mtu, na dada, ambaye alikesha na kibanio kupandikiza majani ya mti moja baada ya jingine, hakuweza kulivumilia hilo. Ndiye aliyeandika kanuni ya saba, kwamba mwanga na rangi vinaweza kurekebishwa, lakini kitu kisiongezwe wala kisiondolewe. Ilikuwa kanuni ya haki, na hata leo hakuna anayeipinga.

Tarehe 22 Oktoba 2016, watu hamsini wakiwa ukumbini, picha iliyooneshwa ukutani na kuwanyamazisha wote ilikuwa ya mwanachama aliyekuwa fundi wa saa, aliyefiwa na mkewe miaka sita nyuma, mtu mpole tuliyemwita Fundi tu. Ilikuwa stesheni ya treni wakati wa mvua, taa moja, benchi tupu, sakafu imelowa inang'aa, na ndani ya maji yale ya sakafuni ilionekana taswira ya mwanamke mwenye mwavuli, kichwa chini miguu juu, wakati pale stesheni penyewe hapakuwa na mwanamke yeyote.

Dada alinyanyua mkono. "Mwenyekiti, kanuni ya saba," alisema. "Kwenye maji yuko mtu, penyewe hayuko. Huyu mama ameingizwa na kompyuta."

"Yupo, Katibu," Fundi alijibu kutoka kiti cha nyuma. "Yuko juu darajani. Picha imeishia chini yake, basi."

"Tuletee picha nzima kama ilivyotoka kwenye kamera."

"Kamera ni ya mkwe wangu, ameshazifuta. Lakini kazi yenyewe iko dukani kwangu, ni robo saa kwa mguu. Twendeni mkaitazame."

Wapo waliokwisha kusimama, ila mgeni wa heshima alikuwa anasubiri, mwenyekiti aliangalia saa yake, na dada akasema maneno ambayo aliniomba niyasome kama alivyoyasema: "Kanuni inasema tunaamua picha. Hatuamui kilichoko dukani."

Mweka hazina, ambaye hana dogo, alimuuliza kama na yeye hakuongeza mwanga kwenye picha yake, maana dada alishindanisha kijumba cha jiko la mama yetu, na dirisha lake lilikuwa linawaka jua tele. Dada alimjibu kwamba mwanga si mtu, na kanuni inauruhusu. Fundi alichukua kofia yake, akasema, "Sawa, Katibu," akashuka ngazi, na picha yake ikaondolewa, na kombe likaenda kwa aliyekuwa wa pili, na aliyekuwa wa pili ni dada yetu.

Hakuwa mwizi, ndugu zangu, wala hakumwonea mtu akijua. Aliamini alichokiona. Hata hivyo habari ilizunguka mji, mteja mmoja wa duka la saa akatania kwamba labda na saa za pale zinasogezwa kwa kompyuta, na Fundi hakurudi tena chamani.

Mwezi Aprili 2019 saa ya marehemu shemeji, ya kutia ufunguo, ilisimama, na mafundi wawili walimrudishia dada wakisema kwamba kwa saa ya aina hiyo amebaki mtu mmoja tu mjini. Alikaa nayo siku kumi ndani ya mkoba, kisha tarehe 9 Mei akapiga moyo konde akaenda. Fundi alimkaribisha kiti, akavaa kioo chake cha jicho, akafungua mfuniko, na dada, kwa kukosa pa kutazama, aliinua macho kwenye rafu. Stesheni ilikuwa pale, imefunikwa nailoni safi, na juu ya reli kulikuwa na daraja la waenda kwa miguu, na juu ya daraja, amesimama mwanamke wa kimo cha kucha, ameshika mwavuli. Alikuwa ni mke wa Fundi, ambaye katika uchumba wao alimsubiri juu ya daraja la namna ile kila Ijumaa. Fundi hakutaka aonekane pale juu, alitaka aonekane kwenye maji tu.

Dada aliniambia kwamba aliinuka, akaisogelea rafu.

"Fundi," alisema, "yupo."

Fundi hakuinua kichwa kutoka kwenye saa. "Yupo tangu mwaka ule."

"Nisamehe."

"Nilishakusamehe, mama, siku nyingi. Nilitaka tu mtu mmoja aje aangalie."

Saa ikaanza kutembea, na dada, akitaka kuanzisha mazungumzo, akamuuliza sasa anatengeneza nini.

"Saa," Fundi alijibu.

Dada alirudi nyumbani akalitoa kombe sebuleni, akalipeleka kwa mwenyekiti, akaambiwa matokeo yalikwishatangazwa na asilete makuu, akalirudisha na kulifungia kabatini. Aliazimia kusimama kwenye mkutano wa Oktoba 2019 na kusema mbele ya wote, kwa kuwa mbele ya wote ndipo alipomshtaki mwenzake, na hotuba aliiandika, niliiona mimi mwenyewe, lakini siku yenyewe walikuwepo wageni wengi na waandishi wa habari, akaiacha karatasi ndani ya mkoba. Akasema mkutano ujao. Mwaka uliofuata mkutano haukufanyika, na tarehe 17 Agosti 2021 Fundi alifariki dunia kwa shinikizo la damu, dukani kwake, mchana.

Dada alikwenda mazishini akakaa safu ya mwisho. Alisikiliza historia ikisomwa, kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, na ilipofika kwenye dayorama, msomaji alisema kwamba marehemu aliacha kuzitengeneza kwa sababu ya macho. Watoto wake walijua ukweli, na walijua dada yuko pale, wakamstahi. Alikuja kwangu moja kwa moja kutoka makaburini, hata viatu hakuvua, akasema, "Macho yake yalikuwa mazima. Yangu ndiyo yaliyokuwa mabovu, na wamenifichia. Mimi zamu yangu ikifika, msinifichie."

Oktoba ile alisimama chamani akasema yote. Walikuwa wamehudhuria watu kumi na mmoja, watano tu kati yao walikuwepo mwaka 2016, na wengine waliuliza anayesemwa ni nani. Kwa ombi lake kanuni ya saba iliongezwa sentensi, kwamba picha yenye shaka haiondolewi mpaka mwamuzi aende akaione kazi kwa macho yake, na kwa sentensi hiyo washindani wawili wameshaokolewa. Alisema ni sentensi nzuri iliyochelewa miaka mitano. Tangu hapo hakushindana tena, na lile jiko la mama alinionyesha siku moja akaniuliza kama nakumbuka dirisha lake, nikasema nakumbuka, lilitazama ukuta wa kiwanda. Akasema, "Basi. Jua lile halikuwahi kuingia jikoni kwa mama."

Kikohozi kilimwanza mapema mwaka 2022, tukadhani ni mafua, na tarehe 11 Mei mwaka huo madaktari walieleza kwamba ni mapafu, vumbi la plasta na la chuma alilolivuta miaka thelathini na tatu katika chumba kile cha chini. Alitibiwa, akapewa mashine ya oksijeni nyumbani, akawa anaigombeza kwa kelele zake kama anavyogombezwa mpangaji. Mwezi Desemba 2023 aliniita na daftari, akanitajia ukurasa huu neno kwa neno, akipumzika kila baada ya sentensi, na nilipojaribu kulainisha mahali, alisema nisome tena alichosema yeye. Alilazwa tarehe 29 Januari 2024, na tarehe 3 Februari, saa nne asubuhi, alifariki dunia, kitindamimba wake akiwa amemshika mkono. Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, na sisi wadogo zake wanne.

Kabla ya kuusoma ukurasa huu tulikwenda kumwomba ruhusa binti wa marehemu Fundi, ambaye yuko nasi hapa. Akasema, "Someni. Na mseme pia kwamba yale maji ya sakafuni, baba aliyamimina tabaka kwa tabaka, miezi minne." Tumesema.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, ambao hawakuchoka na maswali yake, wala na masahihisho yake, majirani waliofunga redio zao ili apate usingizi na waliobeba mitungi ya oksijeni kupanda ngazi umeme ulipokatika, wenzake wa maabara ya meno waliokuja kila Jumapili, wanachama wa chama chake waliopanga viti hivi, na familia ya Fundi, kwa heshima waliyompa siku ambayo hakuistahili, kama alivyosema mwenyewe. Kama yupo mtu ambaye dada alimkosea au kumsahihisha vibaya, tunaomba radhi kwa niaba yake.

Dada, tumesoma kama ulivyotutajia, hatukupunguza. Lala, upumzike.