Mahfudha Mbaruk: Miaka Thelathini na Mmoja ya Kutokiamini Kidonda

“Kidonda cha miaka mingi kimeshazoeana na mwili, hakihitaji mtu maalumu.” Hivyo ndivyo alivyojibu Bwana Harith, msimamizi wa zahanati yetu, alipoulizwa kikaoni nani atashika chumba cha vidonda Bi Mahfudha Mbaruk akistaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja. Si kweli. Na uwongo huu unaua.

Bi Mahfudha, muuguzi mzaliwa wa Mambrui, alipoanza kazi alikuta chumba hicho kina beseni moja, mkasi butu na foleni hadi uani. Waliopaka vidonda unga wa betri aliwakaripia, kisha akawafunga kwa mikono laini kuliko maneno yake.

Mwaka 2009 alimhudumia Bi Ummi, muuza viazi karai, aliyetokwa na kidonda mkononi, juu ya kovu la mafuta ya moto. Bi Mahfudha alikisafisha miaka miwili, akajisifu kwa usafi wake. Siku alipogusa tezi za kwapani, zilikuwa zimevimba: saratani ya ngozi ilikuwa imeshatangulia kufika. Bi Ummi alikatwa mkono, na bado tulimzika.

Tangu hapo, kila mwezi, Bi Mahfudha huchora ukingo wa kila kidonda juu ya nailoni angavu na kulinganisha. Wagonjwa humtania: “Fundi, kanzu yangu tayari?” Naye: “Yako naiombea ipungue, baba.” Mchoro usiopungua kwa miezi mitatu, mwenye kidonda hupelekwa hospitali akatwe kipande cha kidonda, kipimwe.

“Chembe za kinga ni wapishi wa harusi,” hutuambia. “Wameitwa siku tatu. Wakikaa miaka kumi, moto wao utaunguza nyumba, na watamlisha kila apitaye, hata mwizi.” Ndivyo ilivyo. Kidonda kisichopoa huwaka ndani kwa ndani: chembe zilizokuja kupigana na vijidudu huidhuru ngozi yenyewe na kuihimiza izaliane ovyo, na baadhi huzizuia nyingine zisiishambulie saratani. Vidonda vingi havifiki huko. Lakini kwa kutazama tu, nani ajuaye ni kipi?

Michoro mitatu ya kidonda cha mguuni cha Gona, mkata mawe wa mtaa wa Kisumu Ndogo, imezidi kukua, na ukingo umeinuka kama mdomo wa chungu. Jibu la kipande chake lilifika Jumanne: saratani. Daktari anasema akiwahi, mguu utaokolewa. Simu yake imezimwa. Bi Mahfudha ameenda kwake mara mbili. Majirani wanasema yuko machimboni Mnarani, na kwamba mtu wa zahanati yetu alimwambia kidonda chake kimeshazoeana na mwili.

Bi Mahfudha, umetufundisha kuogopa mapema. Mola akujaalie afya, na asubuhi zisizo na harufu ya dawa.

Nawe Bwana Harith, andika leo jina la atakayeshika chumba kile. Ufunguo wa gari la zahanati uko mfukoni mwako: kabla keki hii ya kumuaga Bi Mahfudha haijakatwa, mpe dereva Dena, aende Mnarani amlete Gona.